Mama mkwe ananiita mvivu kwa sababu ya kikapu

Shangazi, shikamoo. Ni saa tisa usiku, usingizi umegoma, bora nikuandikie kuliko kugeuka geuka kitandani.

Mama mkwe alisema mbele ya mawifi na majirani: "Huyu hapiki, analaza chungu na yeye analala." Mume wangu alikuwepo. Akanyamaza.

Vikapu vya kupikia unavijua: sufuria iliyochemka inafungiwa humo, na joto lake lenyewe linamalizia kuivisha bila moto. Lakini maharage hayaivi humo kwa uvivu. Jioni nayachambua na kuyaloweka kwenye maji mengi, yalale masaa 10 hivi. Asubuhi namwaga yale maji, naosha, natia mapya yayapite maharage kama vidole viwili, nachemsha kwa moto mkali dakika 20 mfululizo. Hapo sipunguzi, maana maharage mekundu yana sumu yake ya asili ambayo maji ya uvuguvugu hayaiondoi, na mtu akiyala hivyo atatapika. Ndipo sufuria inaingia kikapuni ingali inatokota, mfuniko haujaguswa, mto wa sufi juu. Masaa 4 haifunguliwi. Ukichungulia tu, joto limekwenda. Sufuria ikiwa nusu nayo inapoa upesi. Nyanya na ndimu zinangoja yalainike, kwa sababu uchachu unayafanya yabaki magumu. Kisha yanarudi motoni yachemke tena, ndipo nayaunga. Mvivu atayakumbuka yote hayo?

Mkaa wangu ni wa kuchemshia na kuungia tu. Yeye anataka nikae jikoni asubuhi nzima nikipepea. Wali nao: vikombe 2 vya mchele, maji vikombe 3, uchemke dakika 5 na uingie, kwani kikapuni mvuke hauna pa kutokea. Wifi mmoja alitia maji vikombe 4 kama alivyozoea kwenye jiko, ukawa bokoboko, lawama nikabeba mimi.

Na si kikapu tu. Sufuria ya ugali nikiijaza maji na kuiacha, ninaambiwa vyombo vinalala. Ukoko ukilowa unabanduka wenyewe kipande kizima, ukiukwangua mkavu kwa stiliwaya unaikwangua na sufuria. Kuahirisha ni kwenda kulala bila kuloweka maharage, kesho yake mkaa uteketee mpaka alasiri na bado yanagonga meno. Hilo mimi silifanyi.

Analaza chungu na yeye analala! Saa hizo nafuma masweta ya shule ya watu, Shangazi. Na hata ningelala, chakula kilichelewa siku gani?

Sitaki aniombe radhi, yule ni mama yangu. Ila ningependa aseme mbele ya wale wale waliomsikia kwamba chakula changu kinaiva na kwa wakati. Mume wangu nilimwambia akazungumze naye, kisha mwenyewe nikamzuia, isije ikasemwa nimemgombanisha na mzazi wake. Lakini maharage hayo hayo anayala, anayasifu, anaongeza. Mbona siku ile mdomo ulikuwa mzito? Maneno ya mama nimeyameza, ni mtu mzima. Ukimya wa mume ndio unaonikesha.

Mama anarudi mwisho wa mwezi, atakaa mpaka mavuno. Nimewaza kikapu nikifiche chini ya kitanda na nipike kwa mkaa akiwepo, anione nimetoka jasho. Gunia la mkaa nani atanunua, sijui, na nikikificha nitakuwa nimekubali jina alilonipa. Mara nyingine nawaza nimwite jikoni tuloweke wote jioni, tuchemshe wote, na mfuniko aufungue yeye. Lakini huyu mume, Shangazi, nimwambie nini ili safari hii afungue mdomo palepale, bila kumvunjia mama yake heshima? Nijibu kabla mwezi haujaisha.