Kikao kimehamia Jumapili

Habari za jioni, wapendwa. Kikao cha Jumamosi sasa ni Jumapili saa 8 mchana, ukumbi uleule wa maktaba hapa Bronx.

Tutajadili kipimo cha umaskini ambacho jiji la New York lilijiundia mwaka 2008. Kile cha taifa, cha miaka ya 1960, kilichukua gharama ya chakula na kuizidisha mara 3 ili kupata kiwango cha umaskini, na kiwango hicho ni kimoja New York na Mississippi. Kodi ya nyumba inayotumaliza hapa hakiioni kabisa! Kipya kinaitazama, pamoja na nauli, matibabu na msaada wa chakula.

1. Njoo na matumizi yako ya mwezi kwenye karatasi, bila jina.
2. Chai dola 5, kwa mweka hazina.

Tafadhali jibu "Nipo" au "Sipo" kabla ya Alhamisi usiku.