Mgonjwa wa ukoma aambiwe mapema kuhusu mcharuko

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo kuhusu ukoma, ugonjwa ambao huku kwetu Mtwara na Lindi haujaisha.

Kifua kikuu kila mtu anajua ni cha hospitali. Ukoma bado wapo wanaouita laana au mkono wa mtu, ilhali bakteria wa magonjwa haya mawili ni wa ukoo mmoja. Wote wana ukuta mzito wa mafuta kama nta, ndiyo maana maabara huwatambua kwa rangi ileile nyekundu isiyotolewa na asidi. Hata chanjo ya BCG anayopewa mtoto mchanga humkinga kwa kiasi dhidi ya yote mawili.

Wanakotofautiana ndiko kunakotuponza. Wa kifua kikuu hugawanyika kila baada ya saa 20 hivi. Wa ukoma huchukua karibu wiki 2, hivyo miaka hupita kabla dalili hazijaonekana. Tena ukuta wake una mafuta yenye sukari za pekee, zinazomsaidia kunasa kwenye seli zinazozunguka mishipa ya fahamu, na mishipa hiyo ikiharibika ngozi hufa ganzi. Mama anabangua korosho zilizotoka motoni, kiganja kinababuka, hasikii chochote. Huyo apelekwe zahanati, asisifiwe kwa uvumilivu.

Lililonisukuma kuandika hasa ni mcharuko. Dawa mseto za ukoma huua bakteria, lakini mabaki yao hukaa mwilini, na kinga ya mwili inaweza kuyavamia ghafla; huo ndio mcharuko. Baka la ukoma kwenye ngozi linavimba na kuiva, mishipa inauma, mkono unalegea. Mgonjwa anaona dawa ndizo zinazomdhuru, anaziacha. Jirani yangu alifanya hivyo, na leo vidole vyake viwili havinyooki. Alipaswa kurudi kituoni haraka apimwe, apewe prednisolone ya kutuliza mcharuko, huku akiendelea na dawa mseto. Hakuna aliyemweleza hayo siku alipoanza dawa, na hilo linaniuma mpaka leo.

Dawa zenyewe ni bure, za miezi 6 au 12 kulingana na aina ya ukoma. Nawaomba waratibu wa kifua kikuu na ukoma katika wilaya zetu wahakikishe kila anayekabidhiwa pakiti ya kwanza anaelezwa mcharuko ni nini na akiuona akimbilie wapi, na ndugu aliyemsindikiza aitwe ndani naye asikie.

Mwalimu wa Baiolojia,
Masasi, Mtwara