Nani Aliwakabidhi Rangi Nyeupe?

Wanangu mnaosimamia harusi za wenzenu,

Majuzi nilimkuta bibi harusi amejifungia chumbani, macho yamevimba, saa ya kutoka imeshapita. Kosa lake? Ana mtoto wa miaka minne, na mashangazi wawili wamemwambia gauni jeupe si lake, atafute la samawati "kwa heshima". Nilikasirika, na hadi leo sijapoa.

Mnailinda nyeupe kana kwamba iliteremshwa pamoja na amri kumi. Kwa karne nyingi huko Ulaya bibi harusi alivaa gauni lake zuri kuliko mengine, liwe jekundu, la bluu, la kahawia, hata jeusi, na baada ya harusi akaendelea kulivaa. Nyeupe ilikuwa ya wenye nacho. Nani mwingine angemudu nguo inayotangaza kila doa, na kufua ni kwa mkono? Mary, malkia wa Scotland, aliolewa Paris mwaka 1558 akiwa na nyeupe, na nyeupe hiyohiyo ndiyo malkia wa Ufaransa walivaa wakifiwa.

Kisha akaja Malkia Victoria wa Uingereza, aliyeolewa tarehe 10 Februari 1840. Alitaka kuwainua wafumaji lesi wa Devon, huko kwao, ambao mashine zilikuwa zinawapokonya kazi, na lesi yao ikapamba gauni lake jeupe. Watu wakaiga. Mwaka 1849 jarida la Marekani, Godey's Lady's Book, likaandika kwamba desturi ya tangu kale imeichagua nyeupe iwe ya bibi harusi, alama ya usafi wa msichana. Miaka tisa tu baada ya Victoria! Nina sufuria kongwe kuliko hiyo "tangu kale" yao.

Na bwana harusi je? Hakuna aliyeikagua suti yake kujua ujana wake aliupitishaje.

Mengine nayataja tu. Kwa jadi, Wachina na Wahindi wengi huoa kwa nyekundu, nyeupe wakaiachia misiba. Shela ya bibi harusi wa Kirumi ilikuwa na rangi ya moto. Mwaka 1918 jarida la wauza nguo za watoto Marekani lilishauri pinki ivaliwe na wavulana.

Ninyi ni kama mama kwa mabibi harusi hawa, wanangu, na najua mnawapenda. Ila siku ile mliondoka mlangoni, nikabaki mimi na magoti yangu haya kumfungia vifungo. Alitoka na jeupe lake, amechelewa, na aliyemshikia mkia wa gauni ni mwanawe.