Kamera ya wodini haimnyanyui aliyeanguka

Mhariri,

Nasoma gazeti lenu miaka mingi na sijawahi kuwasumbua kwa barua. Leo mmenichokoza. Taarifa yenu juu ya hospitali iliyofunga kamera 16 wodini, ile yenye picha ya mgeni rasmi akikata utepe mbele ya televisheni ya inchi 43, ilisifia rangi ya picha na bei ya mradi. Swali la msingi mwandishi wenu hakuliuliza: nani anakaa mbele ya hiyo televisheni saa nane usiku?

Kamera ya uuguzi na kamera ya kunasa mwizi ni vitu viwili. Ile ya uuguzi, kama inavyotumika Marekani, inakaa kwenye kitoroli miguuni mwa kitanda au ukutani, inageuzwa na kuvutwa karibu kutoka mbali, inaona gizani, ina maiki na spika. Upande wa pili ameketi mtu aliyefundishwa, kazi yake zamu nzima ni kutazama wagonjwa, kwa kawaida 12 hadi 16, na akitaka kwenda haja anapokewa kiti kwanza. Mgonjwa akitoa mguu nje ya kitanda anaitwa kwa jina: mzee, subiri, nesi anakuja. Asipotii, inapigwa simu ya nesi mwenye mgonjwa huyo, si ya mapokezi. Bado? Kinabonyezwa king'ora kinacholia pale pale kitandani, aliye karibu akimbie. Nesi akija kumwogesha mgonjwa, picha inazibwa hadi amalize. Mara nyingi hakuna kinachorekodiwa. Na si kila mgonjwa anafaa: asiyesikia, asiyejua lugha ya mtazamaji, aliyechanganyikiwa hadi sauti haimrudishi, hao spika haiwasaidii. Aliye hatarini kujidhuru anakaliwa na mtu ubavuni, si na lenzi.

Zetu ni vikuba vya plastiki kwenye dari ya korido na juu ya meza ya wauguzi. Hazina spika. Lenzi ni ya milimita 2.8, mafundi wanaipenda kwa sababu inaona upana wa digrii mia hivi, basi chumba kizima kinaingia kwa kamera moja. Lakini mgonjwa aliye mita nane huwezi kujua kama anahema. Usiku ndiyo kichekesho. Kila kitanda kina chandarua. Kamera inawasha taa zake za infraredi, zile ambazo jicho la mtu halizioni, mwanga unakigonga chandarua kilicho karibu na kurudi, picha inakuwa wingu jeupe. Buibui naye amezipenda taa zile: uzi mmoja ukipepea mbele ya lenzi, mtambo unadhani mtu amepita, unarekodi buibui hadi alfajiri.

Sasa niwaeleze yaliyotokea katika wodi moja ya upasuaji ya wanaume, ambayo sitaitaja. Nesi mmoja na mhudumu mmoja, wagonjwa 34. Mhudumu ametumwa maabara na sampuli. Nesi yuko nyuma ya pazia kitanda cha mwisho, ameanza kumwongezea mgonjwa damu, na kila aliyesomea kazi hii anajua kwamba dakika 15 za kwanza za damu huondoki kwa mgonjwa, kwa sababu damu ikimkataa dalili mbaya mara nyingi huanza hapo: baridi, homa, mgongo kuuma, pumzi kubana. Upande wa pili mzee mwenye katheta, mpira wa kutolea mkojo, anahisi mkojo umembana. Mkojo hautoki, mpira umejikunja chini ya paja tu. Anapanda juu ya reli ya kitanda, kwa hiyo anaanguka kutoka juu zaidi kuliko kama reli isingekuwepo, mfuko wa mkojo umebaki umefungwa kitandani na katheta inavutwa huku puto linaloishikilia ndani ya kibofu likiwa limejaa. Damu sakafuni. Kamera iliona yote! Televisheni ilikuwa ikiwaka vizuri kabisa, ndani ya ofisi ya utawala, mlango umefungwa kwa kufuli. Asubuhi video ikachezwa. Ikaonyesha meza ya wauguzi haina mtu kwa dakika 20, ikaamuliwa nesi alikuwa amelala, akapewa barua ya kujieleza. Pazia halionekani kwenye pembe ile. Na tarehe kwenye picha ilikuwa ya miaka mingi iliyopita, maana umeme ulikatika, mashine ya kurekodi haina UPS, yaani betri ya akiba, na kibetri cha saa yake, kile cha duara kama sarafu, kilikufa zamani. Ushahidi wenye tarehe ya uongo ulitosha kumwandikia mtu barua.

Naye akitaka kujitetea, awahi. Kamera moja ya 1080p, yaani picha ya HD kamili, kwa megabiti 4 kwa sekunde inakula takriban GB 43 kwa siku. 16 zinakula karibu GB 690. Diski ya TB 4 inajaa kabla ya siku ya sita kwisha na kuanza kujifuta yenyewe. Kamati ya nidhamu inakaa baada ya wiki tatu.

Halafu mtuambie habari za kengele. Pale kichwani mwa kitanda kuna kitufe cha kumwita nesi. Vitufe vingi vimekufa, waya umekatwa, vingine vimepakwa rangi pamoja na ukuta. Kitufe, waya, taa juu ya mlango na mlio mezani: fundi wa hospitali anavirudisha hai kwa gharama ndogo, na yule mzee angebonyeza. Breki za magurudumu ya vitanda nazo vivyo hivyo; kitanda kinateleza mgonjwa akikishika asimame. Haya hayana utepe wa kukata.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Nani amemwambia mgonjwa anayebadilishwa nepi kwamba ofisi ya utawala inamtazama?

Nashauri hivi. Kamera mbili tu, kwenye vitoroli, kwa wazee waliotoka upasuaji na waliochanganyikiwa, zenye spika, chandarua kikunjwe juu upande wa kamera, na televisheni ihamie wodini pamoja na mtu wa kuitazama aliyeajiriwa kwa kazi hiyo. Zile 16 za darini zihamishwe zikafungwe kwenye chumba cha kamati ya manunuzi. Hapo lenzi ya 2.8 inatosha, meza si kubwa, na vyandarua havipo.

Muuguzi wa zamu ya usiku,
Morogoro