Taa ya Davy: kinga ni wavu

Mhariri,

Wengi hudhani taa ya usalama ya wachimbaji makaa ya mawe, aliyoibuni mwanakemia Mwingereza Humphry Davy mwaka 1815, ilizuia gesi ya migodini isiingie ndani. Sivyo! Methani, ndiyo gesi hiyo inayolipuka, iliingia na kuwaka humo humo. Wavu wa waya uliozunguka mwali ndio uliofyonza joto, moto usipenye nje. Matundu yalikuwa 28 kwa inchi, yaani 784 kwa inchi ya mraba. Tundu moja likipanuka kwa kutu, kinga imekwisha. Upepo mkali nao ulisukuma mwali hadi nje, na wavu ukishaiva mwekundu haupozi tena. Mchimbaji makini aliutazama mwali: ukivaa kofia ya samawati, yaani mwanga wa buluu juu yake, gesi ipo, aondoke. Mwanga wake, kwa bahati mbaya, ulikuwa hafifu mno.