Mwalimu wa kusoma naye asomeshwe

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini kwako. Nafundisha darasa la kwanza, mwaka wa kumi na mbili sasa. Tangu mtaala wa 2015 uweke mkazo kwenye KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) tumepata semina za siku chache, na vitabu, tunashukuru. Lakini ninaye mtoto mmoja wa dawati la nyuma: “ba, be, bi” anaitiririsha vizuri, ukimwandikia “baba” ubaoni anakutazama tu. Semina haikunifundisha cha kumfanyia.

Anayetaka kubobea kwenye ufundishaji wa kusoma aende wapi? Mwenzangu alijilipia shahada ya uzamili (mkopo bado anaukatwa). Aliporudi akahamishiwa sekondari! Marekani, majimbo kadhaa humtaka mtaalamu wa kusoma awe na uzamili na leseni ya kazi hiyo, naye hubaki hukohuko shuleni akiwasaidia watoto na walimu wenzake.

Wizara na vyuo vyetu vituandalie kozi ya wakati wa likizo, yenye cheti kinachohesabika kwenye kupanda daraja. Na mhitimu asing’olewe darasa la kwanza.

Mwalimu,
Morogoro