Mnazi Mmoja hapajakaa bure

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu mtu ambaye hata jina lake silijui. Tulikuwa ndani ya daladala, foleni imetushika Mtaa wa Uhuru pale unapopita katikati ya viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam. Abiria mmoja, mtu mzima wa makamo, akachungulia dirishani akasema, "Eneo zuri namna hii katikati ya mji limekaa bure. Si wangejenga maduka tu!" Wawili watatu wakamuunga mkono. Kituo changu kilikuwa kimefika, nikashuka bila kumjibu, na mpaka leo najilaumu.

Ndugu yangu, pale hapakuachwa wazi kwa kusahaulika. Waliopaacha wazi walikusudia, tena kwa nia mbaya. Tangu 1891 Wajerumani waliugawa mji wa Dar es Salaam kwa kanuni za ujenzi: huku nyumba za Kizungu, huku za mawe za biashara, kule za makuti. Kanuni zilitaja aina ya nyumba, hazikutaja rangi ya mtu, lakini kila mtu alijua anayekusudiwa ni nani. Karibu na Vita Kuu ya Kwanza wakawa wanapanga kuwahamishia Waafrika upande wa magharibi. Waingereza wakauteka mji mwaka 1916, wapagazi wao wa jeshi, wale wa Carrier Corps, wakapiga kambi huko huko magharibi, na jina la Kariakoo likazaliwa. Kisha katika miaka ya 1920 Waingereza wakaumalizia mpango waliourithi. Nyumba za Waafrika zilizosimama kati ya Uhindini na Kariakoo zikaondolewa, ukabaki ukanda mtupu. Sababu waliyoitoa ni afya: maradhi yasivuke kutoka Uswahilini kwenda mjini.

Kwa hiyo nikikanyaga majani yale najua nakanyaga ua wa mtu. Kulikuwa na mafiga pale, na mtoto aliyetumwa maji.

Lakini tazama waliotengwa walivyolifanyia eneo lile. Upande wa Kariakoo, mtaa ulioitwa New Street, wanachama wa African Association walijenga nyumba yao kwa kujitolea. Chama chao kilikuja kuitwa Tanganyika African Association, yaani TAA, na mwaka 1953 kikamchagua mwalimu kijana, Julius Nyerere, kuwa rais wake. Tarehe 7 Julai 1954 katika nyumba hiyo hiyo ikazaliwa TANU, chama kilichodai Uhuru. Watu walioambiwa mwisho wao ni ng'ambo ya uwanja wakautumia uwanja wenyewe kwa mikutano ya hadhara, wakisimama juani maelfu kudai nchi yao. Upande wa pili ukasimama ukumbi aliouchangia Arnautoglu, Mgiriki tajiri wa mkonge, ambao sisi wa mjini tunauita Anatoglo tu, na humo pia siasa za wakati ule zilisikika.

Kuna jambo ambalo vijana wengi wanaopita Mtaa wa Lumumba, ndiyo New Street ile, kununua viatu hawalijui. Oktoba 1961, hata miezi miwili haijabaki kabla ya Uhuru, chuo kikuu cha kwanza cha nchi hii kilifungua milango katika jengo la TANU hapo hapo mtaani, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria. Mlimani walihamia baadaye. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzia kando ya Mnazi Mmoja, wauza miwa wakipita chini ya madirisha. Mimi kila nikilikumbuka hili mwili hunisisimka.

Na majina yaliyouzunguka uwanja leo si ya bahati nasibu. New Street ni Lumumba. Kichwele Street ni Uhuru. Upande wa mjini ni Barabara ya Bibi Titi Mohamed, mama aliyewatoa wanawake wa mji huu majumbani wakaijaza TANU. Ndani ya uwanja upo mnara wa Mwenge wa Uhuru, ule mwenge uliopandishwa kilele cha Kilimanjaro usiku wa Uhuru.

Yule bwana anayetaka maduka angefika asubuhi ya Idd akaone. Mimi huenda na mkeka wa ukili aliotuachia mama, ukingo mmoja umefumuka nimeushona kwa uzi wa nailoni. Huutandaza mapema, nikigeuka kidogo tayari kuna mtu nisiyemfahamu kaketi nusu yake na mwanawe, kanzu ya mtoto bado ina mikunjo ya dukani. Anatokea Kisutu, mimi natokea Gerezani. Walioacha nafasi ile ili mimi na yeye tusikutane wangeshangaa kutuona tumebanana begani kwa bega.

Ombi langu kwa wenye dhamana ya mji ni dogo. Kwanza, eneo lile lisimegwe hata kipande, iwe kwa fremu za biashara au maegesho. Likishaanza kumegwa halirudi. Pili, pawekwe vibao vya maelezo kwa Kiswahili, kimoja pembe ya Uhuru na Lumumba, kingine upande wa Bibi Titi, vya saruji visiibwe, na maandishi makubwa ya kusomeka na aliye ndani ya daladala. Viseme nani waliondolewa pale, kwa amri ya nani, na nini kilifuata. Wazee wanaokumbuka mikutano ya miaka ya hamsini bado wapo Kariakoo na Gerezani, ingawa wanapungua kila mwaka. Waulizwe sasa.

Mkazi wa Gerezani,
Dar es Salaam